Aliyehesabu Miezi ya Mbuzi wa Mwitu

Mazungumzo ya Neno la Mungu redioni, kutoka Mkomani, Mombasa
Somo: Ayubu 39:1–4, Kumbukumbu la Torati 22:6–7, Yona 4:10–11

  Aliye na Biblia karibu na aifungue katika kitabu cha Ayubu, sura ya 39, aya nne za kwanza. Asiye nayo na asikilize tu, maana tutalieleza somo kwa maneno yetu wenyewe.

Ayubu alikuwa mtu aliyepotewa na kila kitu. Mifugo yake ilikwisha, watoto wake walikufa, na yeye mwenyewe alikaa majivuni akijikuna majipu yake kwa kigae. Sura baada ya sura alimwuliza Mungu, Kwa nini? Hata Mungu alipomjibu, hakumpa sababu. Alimwuliza maswali. Mojawapo ya maswali hayo lilihusu mbuzi wa mwitu wakaao katika majabali. Je, Ayubu anajua wakati wanapozaa? Amewahi kuhesabu miezi ya mimba zao? Alikuwapo mama alipoinama akazaa peke yake mwambani? Na je, anajua jinsi watoto wale wanavyopata nguvu, wakaenda zao wasirudi?

Twaweza kusema, Hili ni swali gani la kumwuliza mtu mwenye msiba? Lakini na tufikiri. Kabla ya msiba wake Ayubu alikuwa na kondoo 7,000. Mfugaji kama yeye aliijua miezi ya kondoo wake, kwa maana kondoo ni mali. Sasa Mungu anamwuliza habari za mbuzi ambaye si mali ya mtu yeyote. Hakamuliwi, hauzwi sokoni, wala hafungwi zizini. Ni nani anayemhesabia huyo miezi yake? Jibu ni moja tu: ni Mungu mwenyewe. Na hilo ndilo neno letu la leo. Mungu anawajua na kuwatunza viumbe ambao sisi hatuwafugi, naye anatuita sisi watu wake tushiriki katika kuwajua, na pia tushiriki katika gharama ya kuwatunza.

Wanyama hao si wa hadithi. Mbuzi wa mwitu wangali wakiishi hata leo katika magenge ya En-gedi, kando ya Bahari ya Chumvi, mahali pale ambapo Daudi alijificha alipokuwa akimkimbia Sauli. Jina la En-gedi maana yake ni chemchemi ya mwana-mbuzi. Mimba yao ni ya miezi mitano na zaidi kidogo, na mara nyingi mama huzaa mtoto mmoja. Tena kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 14, katika orodha ya wanyama walioruhusiwa kuliwa, kinamtaja kondoo wa milimani. Kondoo wa mwitu wako katika milima ya Afrika ya Kaskazini, katika milima ya Asia, na katika Marekani pia.

Sisi Kenya hatuna kondoo wa mwitu, wala hatuna mbuzi wa majabalini. Walio karibu nasi zaidi wako Ethiopia, katika milima ya Simien, nao huitwa walia. Lakini Mungu hakutunyima wanyama wa kutuulizia swali lile lile. Katika misitu ya Mlima Kenya na ya milima ya Aberdare yuko bongo, mwenye mistari myeupe ubavuni, na waliobaki porini ni wachache sana. Huko Garissa yuko hirola, ambaye makao yake ya asili ni Kenya na Somalia tu. Na hapa mlangoni petu, wapenzi, yuko palahala.

Mtu akitoka Mkomani, akavuka daraja la Nyali, akapita kisiwani, akapanda feri pale Likoni, akashika njia ya kwenda Kwale, hata nusu ya siku haiishi naye yuko katika vilima vya Shimba. Pale juu kuna msitu, na kati ya msitu kuna nyika ya majani, na katika nyika hiyo ndimo alishamo palahala. Dume lake ni jeusi, tumbo lake jeupe, uso wake una mistari myeupe, na pembe zake ndefu zimepinda kuelekea nyuma kama upanga wa kale. Jike ni la rangi ya hudhurungi. Mimba yake ni miezi minane hadi tisa, naye huzaa mtoto mmoja tu. Akizaa humficha mtoto majanini, akaenda malishoni, kisha akarudi kumnyonyesha. Ni kama Bwana anatuuliza nasi, Je, ninyi watu wa Mombasa, mmeihesabu miezi ya palahala?

Tanzania wako palahala wengi kuliko sisi. Lakini katika Kenya nzima, Shimba ndipo mahali pekee ambapo palahala wanaishi na kuzaana porini. Hifadhi hiyo ilitangazwa mwaka 1968. Na serikali ilipofanya hesabu ya wanyamapori wa nchi nzima, mwaka 2021, ndovu waliohesabiwa Kenya walikuwa 36,280. Palahala walikuwa 51.

Hamsini na mmoja. Katika makanisa yetu mengi hiyo haifiki hata hesabu ya kwaya mbili. Wote hao wangeweza kusimama katika uwanja mmoja wa kanisa na nafasi ikabaki.

Kwa nini wamekuwa wachache hivyo? Palahala anahitaji majani ya nyika, na nyika ya Shimba ni ndogo. Kichaka kikiota juu yake, malisho hupungua. Pande zote sasa kuna mashamba na vijiji, kwa hiyo hawawezi kwenda kutafuta malisho mengine, wala hakuna palahala wageni wanaoweza kuja kuzaana nao. Kundi dogo lililofungiwa mahali pamoja ni kama mtu aliyeweka akiba yake yote katika mfuko mmoja uliochakaa. Ukame mmoja mkali, au ugonjwa mmoja, waweza kuwamaliza.

Na habari ya ugonjwa si maneno ya kutishana. Kule Marekani, wafugaji walipopeleka kondoo wao malishoni milimani, makundi mazima ya kondoo wa mwitu yalikufa kwa ugonjwa wa mapafu walioambukizwa na hao kondoo wa kufugwa. Hapa kwetu, katika miaka ya 1983 hadi 1985, ugonjwa wa sotoka uliwaua hirola wengi sana, hata ikahofiwa watatoweka. Lakini angalieni jambo jingine. Madaktari wa mifugo waliendelea kuchanja ng'ombe, nchi baada ya nchi, mwaka baada ya mwaka, mpaka mwaka 2011 ikatangazwa kwamba sotoka imekwisha duniani. Mfugaji aliyekubali ng'ombe wake achanjwe alimwokoa ng'ombe wake, na pasipo kujua akamwokoa na mnyama wa porini. Na huko Garissa, mwaka 2012, wenyeji wa Ishaqbini, ambao ni wafugaji, walikubali sehemu ya malisho yao izungushiwe ua, nao hirola 48 wakaingizwa humo wapate kuzaana kwa salama. Hao hawakungoja mtu wa mbali aje kuwahurumia wanyama wao.

Sasa wapenzi, yuko mtu anayesikiliza ambaye moyoni anasema, Haya ni maneno mazuri ya watu wenye nafasi. Mimi nina kodi ya nyumba, nina karo ya shule, mtoto wangu anaumwa. Palahala ananihusu nini? Tena Bwana Yesu mwenyewe alisema kwamba sisi tu bora kuliko shomoro.

Ndugu, umesema kweli. Bwana alisema hivyo, katika Mathayo sura ya 10, wala hatutaki kulipunguza neno lake. Mtu ni bora kuliko mnyama. Lakini mahali pale pale alisema kwamba hata shomoro mmoja haanguki chini pasipo Baba kujua. Yeye aliyemthamini mtu zaidi hakumsahau shomoro. Na kwa kuwa mtu ni bora, ni lazima tuulize swali ambalo wengi wanaosema habari za wanyama hawaliulizi: ni mtu gani anayelipa gharama ya kuwatunza?

Maana katika Shimba hakuna palahala peke yake. Wako na ndovu. Na ndovu, wapenzi, si mnyama wa kutazamwa katika picha tu kwa yule ambaye shamba lake limepakana na msitu. Mahindi yanapokaribia kukomaa ndipo ndovu hutoka. Baba na mama hukesha usiku wakipiga madebe na kuwasha moto. Mtoto aliyekesha nao husinzia darasani asubuhi. Kundi moja la ndovu laweza kumaliza kwa usiku mmoja chakula ambacho nyumba moja ingalikula mpaka msimu mwingine. Na kuna nyumba ambazo hazikupoteza mahindi tu, zimepoteza mtu.

Serikali haikunyamaza. Katika mwaka 2005 ndovu 150 walihamishwa kutoka Shimba na Mwaluganje, wakapelekwa Tsavo Mashariki kwa malori. Ilikuwa kazi kubwa. Hata hivyo ndovu wengine walibaki, na mashamba yako pale pale. Tena sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 iliweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa jamaa ya mtu aliyeuawa na mnyama wa porini. Sheria ni njema. Lakini wengi wamelalamika kwamba malipo huchelewa miaka, na mjane hawezi kupika ahadi.

Basi sikilizeni habari za Mwaluganje. Ni bonde lenye mibuyu mikubwa, upande wa kaskazini wa hifadhi ya Shimba. Ndovu walipita hapo tangu zamani, na wenye mashamba hapo, Wadigo na Waduruma, walivuna hasara mwaka hata mwaka. Ndipo wakashauriana. Katika mwaka 1995 walifungua hifadhi yao wenyewe ya ndovu. Wakaiacha ardhi yao isilimwe, ndovu wapate kupita na kula, na fedha za wageni wanaokuja kutazama zigawanywe kwa wenye ardhi. Hata mavi ya ndovu hayakutupwa, yalitengenezwa karatasi, zikauzwa.

Wapenzi, mkulima kuiacha ardhi yake isilimwe si jambo dogo. Ardhi kwa mkulima ni mama. Watu hawa waliitoa. Wageni wanapokuja wengi, mgao ni wa kuridhisha. Wageni wanapopungua, kama mwaka 2020 wakati wa ugonjwa wa korona, wenye ardhi ndio wanaoona njaa kwanza. Ndovu haachi kula kwa sababu wageni hawakuja.

Ndipo twafika kwetu sisi wa mjini. Mtume Paulo, akiwaandikia Wagalatia, aliwaambia wachukuliane mizigo. Hakusema kila mzigo ugawanywe sawasawa. Alisema tuuchukue mzigo wa mwenzetu. Basi mzigo wa kumtunza ndovu na palahala umemwangukia mkulima wa Kwale, lakini faida yake inatufikia sisi. Katika vilima vile vya Shimba iko chemchemi ya Marere, na maji yake yaliletwa Mombasa kwa mabomba tangu zamani za ukoloni. Msitu ndio unaoishika mvua na kuilinda chemchemi. Vijana wetu wa Mkomani na Kongowea wanafanya kazi katika hoteli za Nyali na Bamburi, na mgeni anayelala katika hoteli zile amekuja kwa ajili ya bahari na kwa ajili ya wanyama. Mshahara ule una nyayo za ndovu ndani yake, ingawa hatuzioni.

Tena kuna kitu ambacho kinatoka huku kwetu kwenda kule, nacho si baraka. Ni mahitaji yetu ya makaa. Gunia la makaa linaposimama kibandani hatuulizi limetoka mti gani, na mti huo ulisimama wapi. Mchoma makaa ni maskini, akata mti kwa sababu yuko mnunuzi. Na nyama ya porini inapopitishwa kwa siri, kwa bei nafuu, haipitishwi kwa sababu mwindaji ana njaa tu. Inapitishwa kwa sababu kuna sahani mjini inayoingoja. Uwindaji ulipigwa marufuku katika Kenya mwaka 1977, lakini marufuku haiwezi kuingia jikoni mwa mtu na kufunua chungu chake. Huko huingia dhamiri tu.

Mungu aliwapa Waisraeli sheria moja ndogo, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 22. Mtu akikuta njiani kiota cha ndege, mama amelalia makinda au mayai, asimtwae mama pamoja na watoto. Watoto aweza kuwatwaa, lakini mama na amwache aende. Na Mungu akaitia sheria hiyo ahadi ya kufanikiwa na kuishi siku nyingi, ahadi iliyo kama ile ya kuwaheshimu baba na mama. Ni ajabu, sivyo? Ahadi kubwa hivyo kwa ajili ya ndege mmoja!

Lakini maana yake ni wazi. Mungu hakumkataza mwenye njaa kula. Alimwekea mpaka. Chukua, lakini usichukue mpaka chimbuko likauke. Atwaaye mama na watoto pamoja amekula leo, na amekula na kesho ya mwanawe. Akataye mti wa chemchemi amepika leo, na amekunywa maji ya mjukuu wake. Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba. Na hiyo haba na haba huweza pia kukimaliza kibaba kilichokuwa kimejaa.

Yako mafundisho pia kutoka ng'ambo ya bahari, kwa jirani zetu wa Oman, ambako wako wengi wanaosema Kiswahili kama sisi. Choroa mweupe wa Arabuni aliwindwa jangwani mpaka mwaka 1972 akatoweka kabisa porini. Wachache walikuwa wamehifadhiwa katika bustani za wanyama, wakazaana, na mwaka 1982 wakarudishwa katika jangwa la Oman. Watu wa kabila la Harasis wakawekwa wawe walinzi wao. Choroa wakaongezeka hata wakapita mia nne. Kisha majangili wakarudi, wakiwakamata ili kuwauza kwa matajiri, hata waliobaki wakawa kama 65. Serikali nayo ikapunguza sana eneo la hifadhi, na mwaka 2007 jina la mahali pale likafutwa katika orodha ya urithi wa dunia. Twajifunza nini? Twajifunza kwamba fedha zaweza kumrudisha mnyama jangwani, na walinzi waweza kumlinda mchana. Lakini mahali ambapo yuko mnunuzi asiye na mpaka moyoni, kazi ya miaka mingi yaweza kuharibiwa kwa miaka michache.

Lakini hatutaki kuwaacha katika huzuni, kwa kuwa Mungu wetu ni Mungu wa kufanya upya. Nanyi wa Kisauni mnao ushuhuda karibu nanyi. Pale Bamburi palichimbwa mawe ya kutengenezea simiti mpaka pakabaki shimo jeupe lisilo na udongo wala kivuli. Katika mwaka 1971 mtaalamu mmoja, René Haller, alianza kupanda miti katika mawe yale, na mti uliokubali ulikuwa mvinje. Majani ya mvinje yalianguka, lakini hayakuoza. Hakukuwa na udongo. Basi wakaletwa jongoo. Jongoo wakala yale majani, wakayasaga, na kinyesi chao kikawa udongo. Katika udongo ule ikaota miti mingine, wakaja ndege, na hata wanyama wakubwa wakawekwa humo. Watoto wetu wa shule wamepelekwa mara nyingi kuwatazama twiga na viboko mahali ambapo palikuwa mawe matupu.

Jongoo, wapenzi! Mdudu ambaye tunamwondoa kwa ufagio akiingia barazani. Mungu alimtumia kuanzisha msitu. Basi na tusidharau jambo dogo tunaloweza kulifanya.

Na tuyataje mambo hayo kwa wazi, ili mazungumzo haya yasiwe maneno tu. La kwanza, nyumba ya Mkristo na isiwe soko la nyama ya porini. Ikiletwa kwa siri, irudi kwa siri hiyo hiyo. La pili, tuulize makaa yanatoka wapi, tutumie jiko linalokula makaa machache, na anayeweza kupikia kitu kingine na apikie. La tatu, vyama vya vijana na vya akina mama, ambavyo kila mwaka hupanga safari, na vikumbuke Shimba na Mwaluganje. Tukilipa kiingilio cha Mwaluganje, sehemu yake yamfikia mwenye ardhi. Naye atajua kwamba watu wa Mombasa, si wageni wa Ulaya tu, wanaiheshimu sadaka yake. La nne, mjane wa mtu aliyeuawa na ndovu asiachwe aende peke yake ofisini kufuatia fidia. Kanisa lina watu wanaojua kusoma fomu na kuandika barua. Wamsindikize. Kuandika barua kwa ajili ya mjane nako ni ibada. La tano, tuwaombee kwa majina ya kazi zao askari wa wanyamapori wanaolala porini, na wakulima wanaokesha mashambani.

Na mbinu za kumsaidia mkulima ziko. Huko Sagalla, karibu na Voi, wakulima walitundika mizinga ya nyuki kuzunguka mashamba yao, kwa kuwa ndovu, pamoja na ukubwa wake wote, humwogopa nyuki. Ndovu akiigusa kamba, mizinga hutikisika, nyuki hutoka, naye hugeuka. Hivyo mkulima huvuna mahindi, na huvuna asali. Ushirika wa kanisa la mjini ukikusanya sadaka ya mizinga michache kwa ndugu wa Kwale, utakuwa umechukua mzigo kwa namna ambayo jirani aweza kuishika kwa mkono.

Mwishoni mwa kitabu cha Yona, nabii amekasirika kwa sababu Mungu ameusamehe mji wa Ninawi. Mungu anamwuliza kama yeye asiuhurumie mji ule mkubwa, wenye watu zaidi ya 120,000 wasiojua kupambanua mkono wa kuume na wa kushoto. Na kitabu kingeweza kuishia hapo. Lakini Mungu anaongeza neno moja la mwisho. Anawataja na wanyama wa mji. Huruma yake ilipowafikia watu haikuishia mlangoni mwao. Na tangu siku ile Yona hakujibu. Swali limeachwa kwetu.

Jina la Mkomani latukumbusha mti wa mkoma, na mkoma ni mti ambao matunda yake ndovu huyapenda. Hapa petu sasa ni nyumba na barabara, wala hatuombi ndovu warudi barabarani. Twaomba tu kwamba wasije watoto wetu wakajua jina palahala kama tunavyojua majina ya miti iliyokwisha kukatwa. Mungu bado anahesabu: miezi mitano ya mbuzi wa mwitu mwambani, miezi minane hadi tisa ya palahala majanini, na miezi 22 ya ndovu. Bado anahesabu pia usiku wa mkulima anayekesha. Na atakaye kuhesabu pamoja na Mungu hana budi kuzihesabu hesabu zote mbili.

Na tuombe.

Ee Bwana Mungu wetu, uliyeiumba milima na wakaao ndani yake, uliyewapa mama wa mwituni nguvu ya kuzaa pasipo mkunga. Twakushukuru kwa vilima vya Shimba, kwa msitu na kwa maji yake. Twakuombea ndugu zetu wa Kwale waliotoa ardhi yao, uwabariki mashamba yao na kuwalinda watoto wao usiku. Uwafariji walioachwa na wafu wao, na uwape wakubwa wetu moyo wa kutimiza yaliyoandikwa. Utupe sisi wa mjini mikono yenye mpaka na macho yanayomwona jirani. Uwahifadhi wale hamsini na mmoja, na uwaongeze, kwa utukufu wa jina lako. Twaomba hayo katika jina la Yesu Kristo, Bwana wetu. Amina.

Kwaherini wapenzi wasikilizaji, na neema ya Bwana iwe pamoja nanyi nyote.